Msiba Usio na Turubai

Mtu akifiwa mtaani kwetu, jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimepangwa, na kijana mmoja amekaa mezani na daftari la rambirambi. Wanawake wako jikoni. Wanaume wanapiga karata huku wakikisia bei ya jeneza. Mfiwa hana haja ya kujieleza. Akinyamaza anaeleweka, akipiga kelele anashikwa mkono, na maneno yote yasiyo na kichwa wala miguu atakayoyatamka wiki ile hakuna atakayemdai baadaye.

Aliyeacha kundi la dini alilolitumikia kwa miaka hapati hata kimoja kati ya hivyo. Waliobaki ndani wanasema amerudi nyuma. Walio nje, hasa ndugu waliokuwa wakimwonya, wanampongeza: afadhali umezinduka. Anapewa hongera siku ile ile anayozika. Marafiki wamekwenda, nyimbo zimekwenda, ratiba ya wiki imekwenda, na kila anayekutana naye anamtaka aoneshe nafuu.

Nimeishi ndani ya kundi la namna hiyo na nimetoka. Jina lake halina umuhimu. Lilikuwa dogo, likikutana kwenye ukumbi wa kukodi pembeni ya jiji, na sijui kama litadumu. Ninachotaka kukizungumzia nimekiona kwangu na kwa wengine waliotoka, wawe wametoka kwa nabii wa mtaani au kwenye taasisi kubwa yenye makao makuu ng'ambo. Huzuni isiyopewa nafasi ya kulia hutafuta njia nyingine ya kutokea, na njia inayoipenda ni hoja. Mtu anadhani anafikiri, kumbe analia. Anatoa sababu, anapanga mistari ya Biblia au ya sayansi, anabishana hadi usiku wa manane kwenye WhatsApp, na chini ya yote hayo kuna mtu aliyefiwa ambaye hakuna aliyempa pole.

Wanaotazama kwa nje hudhani kilichopotea ni imani. Mimi nasema kinachokwenda kwanza ni Jumatano. Ni ile saa kumi na moja jioni ambayo kwa miaka ulijua unatakiwa uwe wapi, nani atasimama kushoto kwako kwenye kwaya, na nani ataleta chapati baada ya maombi. Kisha zinakwenda simu. Wapendwa, kama tulivyoitana, walikuwa wakinipigia hata kuniuliza kama nimeamka. Baada ya kutoka, simu yangu ilikaa kimya hadi nikawa naiangalia kama bado ina chaji. Hakuna aliyenitukana. Waliambiwa tu wajihadhari na roho ya uasi, nao ni watu watiifu.

Na hapa kwetu liko swali ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani kuhusu jambo hili haviligusi vya kutosha: nani atakuzika? Watu wengi ninaowafahamu walikaa kwenye makundi yao miaka mingi baada ya kuacha kuamini, na sababu haikuwa Mungu wala jehanamu. Walijua kwamba wakifa nje ya ushirika, mchungaji hatakuja, kwaya haitakuja, na mama zao wataaibika mbele ya majirani. Si hofu ya kijinga. Mimi nilijiunga na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, chenye Waislamu, Walutheri, walevi wawili mashuhuri na mwenyekiti mkali wa ada. Nililipa kiingilio siku hiyo hiyo, kisha nikalala vizuri. Nilishangaa kuona ni maswali mangapi ya kiroho yaliyopungua makali baada ya hapo. Nilikuwa nimeyaita mashaka ya kitheolojia. Sehemu yake kubwa ilikuwa jeneza.

Lakini kilichoniuma zaidi kukipoteza ni kesho. Tulifundishwa kwamba mwisho uko mlangoni, na mtu anayeamini hivyo hapangi. Namfahamu mama aliyekataa kununua kiwanja Chanika wakati viwanja vilikuwa bei ya chini, kwa kuwa haikuwa na maana kujenga juu ya dunia inayoungua. Hadi leo ni mpangaji. Akizungumza habari za kundi lile, hasira yake huenda kwa mtumishi, kwa sadaka, kwa mafuta ya upako. Kiwanja hakitaji. Ukikitaja wewe, anabadili mazungumzo.

Wapo waliopita njia hii zamani. William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton, jimbo la New York. Kwa kukokotoa zile siku 2,300 za kitabu cha Danieli aliona kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka 1843. Muda ulipopita, wafuasi wake wakashika tarehe moja, 22 Oktoba 1844. Makumi ya maelfu ya watu walisubiri, na wengine waliacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Kulipokucha tarehe 23, dunia ilikuwa pale pale na ng'ombe walihitaji kukamuliwa. Baadhi walirudi kwenye makanisa waliyotoka, baadhi waliacha dini, wengine walikimbilia kwa Washeka, kundi jingine lenye madai mazito zaidi. Miller alikiri kwamba hesabu yake ilikuwa na kasoro, lakini hadi anafariki mwaka 1849 aliendelea kumsubiri Bwana kwa siku za karibu. Wapo pia waliosema tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio lilitokea mbinguni na si duniani. Kutoka kwao likazaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863 na lenye waumini wengi leo Tanzania na Kenya. Sina ugomvi na jirani zangu Waadventista. Ninachokitazama ni ile asubuhi yenyewe, na jinsi watu waliofiwa kitu kimoja walivyoamka na majibu tofauti kabla hawajapata hata wiki ya kulia.

Katika masimulizi ya Waadventista yumo mkulima wa New Hampshire ambaye, kwa kungoja ile siku, aliacha viazi vyake ardhini. Majirani wakamcheka. Kisha viazi vya waliovuna mapema vikaoza kwa ugonjwa, na vyake, vilivyochimbwa kwa kuchelewa, vikasalimika akaviuza kwa bei nzuri. Nilipokuwa ndani ya kundi, simulizi kama hii ingenitoa machozi. Siku hizi ninaiona kuwa ya hatari kuliko unabii wenyewe. Unabii ulisema Bwana atakuja tarehe fulani, na hakuja. Viazi vilipona. Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana, na moyo uliopoteza kitu kikubwa hauwezi kuyaacha yakae mbali mbali. Utayafunga kwa kamba yoyote utakayoipata, kwa sababu haustahimili kwamba yote yalikuwa bure.

Kwa waliotoka, kamba hiyo hufunga kwa upande wa pili. Mtu ametoka mwezi wa tatu, mwezi wa tano mtoto amelazwa kwa malaria. Hata kama amesoma, hata kama anajua kwamba masika imejaza maji kwenye mitaro yote ya mtaa, saa nane usiku wodini anasikia sauti ya mtumishi: umeacha madhabahu, sasa angalia. Mimi sidhani hofu hiyo huondolewa kwa kuikemea. Inapungua ukikaa chini na kukumbuka jinsi ushuhuda ulivyokuwa ukitengenezwa. Kwetu palisimuliwa habari ya dada aliyetoka kisha akafiwa na mume. Ilisimuliwa sana, kila mgeni aliisikia. Katika miaka ile ile, wanaume kadhaa wa ushirika walifariki wakiwa waaminifu, wakitoa fungu la kumi, na vifo vyao viliitwa jaribu, au Bwana kumwita mtumishi wake apumzike. Kifo ni kile kile, ila kikitokea nje kinaandikwa adhabu na kikitokea ndani kinaandikwa heshima. Na waliotoka wakaendelea vizuri, wakaoa, wakafungua duka la vipuri Buguruni, hawakuandikwa popote. Hakuna aliyesimama na kipaza sauti kusema: mnamkumbuka yule kaka, yupo, ana afya.

Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi, kwa kuwa inamkosoa mwingine. Nusu ngumu ni kwamba mtu hutoka na mafundisho yameanguka lakini jinsi ya kufikiri aliyofundishwa imebaki nzima. Bado anaigawa dunia kwa watu wa nuru na watu wa giza. Amebadilisha tu nani yuko wapi. Bado anaona ishara kila mahali. Bado anahitaji sauti moja imwambie mambo yote, na sauti za aina hiyo hazikosekani: mwanasiasa, mtaalamu wa lishe wa kwenye intaneti, bwana wa biashara ya mtandao anayekodi ukumbi ule ule na kutumia spika zile zile. Nimewaona wapendwa wa zamani wakishuhudia kuhusu vidonge vya virutubisho kwa machozi na mikono juu, na ningeweza kutabiri mstari unaofuata.

Au anachukua hasira na kuifanya kipimo. Kila kilichosemwa pale ni uongo, basi hata kilichokuwa kweli kinatupwa. Tulikatazwa pombe, basi anakunywa hadi anapoteza kazi, kwa sababu kutokunywa kungekuwa kukubali. Tulihimizwa kutembelea wagonjwa, na yeye hatembelei tena mtu. Hapo kundi linaendelea kumtawala, maana bado kila jambo analipima kwa walilolisema wao. Tofauti ni alama ya jibu tu.

Huzuni nayo hutoa ushahidi wa uongo kwa namna yake. Unaamka Jumapili, unasikia kwaya ya mbali, kifua kinabana, na wazo linakuja: kama ningekuwa nimetoka kwenye uongo, mbona ninaumia hivi? Pengine kulikuwa na kweli pale. Nimelipima wazo hili mara nyingi na naliona halisimami. Mjane aliyekuwa akipigwa hulia pia mumewe anapokufa, na analia machozi ya kweli, kwa kuwa kulikuwa na siku za kicheko, na kulikuwa na sauti ya funguo mlangoni jioni. Machozi yake hayasemi kwamba hakupigwa. Wala vipigo havisemi kwamba kicheko hakikuwepo. Ninayo madaftari yangu ya mahubiri ya miaka ile, na nilipoyafungua nilitarajia kukuta mtu aliyetishwa. Nilimkuta mtu mwenye furaha, mwenye mwandiko wa haraka, anayepiga mistari chini ya maneno. Kwa muda nilikuwa nimewaambia rafiki zangu wapya kwamba nilishuku tangu mwanzo. Daftari linasema sikushuku chochote kwa muda mrefu sana, na kati ya daftari na kumbukumbu yangu, naliamini daftari.

Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi ya waumini wa kundi moja la dini katika msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ya watoto. Wachunguzi walikuta dalili za njaa, na kwa baadhi, dalili za kunyongwa. Mhubiri wa kundi hilo, Paul Mackenzie, ambaye mwaka 2019 alihubiri kwamba Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ni alama ya mnyama, alifikishwa mahakamani na anakana mashtaka. Kuna tukio dogo ndani ya habari ile kubwa ambalo halinitoki. Juni mwaka huo, watu 65 waliookolewa msituni walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua, kwa sababu walikataa chakula kwenye kituo walikopelekwa. Fikiria: umeondolewa kwa mikono ya askari kwenye jambo uliloamini ni lango la mbinguni, umewaacha wanao ardhini, na nchi inakupokea kwa hati ya mashtaka. (Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba.) Wale watu walikuwa wameshatolewa msituni, lakini hawakuwa wametoka. Na kuendelea kukataa uji sidhani kulikuwa mafundisho matupu. Aliyemzika mtoto kwa sababu ya imani, siku atakayokubali kula amekubali pia kwamba mtoto hakupaswa kufa. Nani ataifikia hoja hiyo kwa haraka? Ni nzito kuliko njaa.

Sisi wengine, kwenye daladala na vijiweni, tulisema: wajinga. Neno hilo lilitufariji, na lenyewe ni imani iliyopinda. Miongoni mwa viongozi wa lile kundi la Kanungu, Uganda, ambako mamia walikufa katika moto wa kanisa wa 17 Machi 2000, alikuwemo padri Dominic Kataribabo, aliyesoma chuo kikuu hadi Los Angeles. Kundi lile lilikuwa limetangaza mwisho wa dunia kuwa 31 Desemba 1999. Siku ikapita, na inasimuliwa kwamba baadhi ya waumini walianza kudai mali walizotoa. Walikuwa wameanza kufikiri sawasawa, na muda haukuwatosha. Nikisikia mtu anasema yeye hawezi kudanganywa kwa sababu ana digrii, humwogopea.

Kati ya waliotoka, ninayemrudia mara kwa mara ni Raymond Franz. Alikuwa mmoja wa wanaume wachache wa Baraza Linaloongoza la Mashahidi wa Yehova, pale Brooklyn, kuanzia 1971. Mwaka 1980 aliondoka barazani, akikaribia miaka 60, baada ya kuutoa utu uzima wake wote kwa utumishi, bila nyumba wala akiba ya maana. Mwaka uliofuata alitengwa na ushirika, na kosa lililotajwa ni kula chakula mezani na mtu aliyekuwa amejitoa. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amempa kazi na mahali pa kuishi, huko Alabama. Mwaka 1983 alichapisha kitabu, Crisis of Conscience. Aliyetendewa hivyo angeweza kuandika matusi na yangeuzwa. Yeye aliandika kwa nyaraka: barua, kumbukumbu za vikao, tarehe, na aliwatendea haki wanaume aliotofautiana nao hata kukiri kwamba wengi wao waliamini walichofanya. Hakuanzisha kanisa lake, ingawa wapo ambao wangemfuata. Aliendelea kuwa Mkristo hadi alipofariki mwaka 2010. Ninalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani mtu amepona akishaacha kumwamini Mungu, na wako wanaodhani amepona akishahamia dhehebu wanalolipenda wao. Mimi siangalii alikofika. Naangalia kama anaweza kueleza hoja ya wale aliowaacha kwa namna ambayo wao wenyewe wangesema, naam, ndivyo tunavyoamini. Wengi wetu hatuwezi, hata baada ya miaka, na hasira ndiyo inayotuzuia.

Jirani yangu, Bi mkubwa mmoja Mwislamu, alikaa eda miezi minne na siku kumi alipofiwa na mumewe. Katika muda huo hakuna posa inayopokelewa. Sikuwa nimeifikiria eda kwa upande huu mpaka nilipomsikia akimkatalia shangazi mmoja aliyekuja mapema mno na jina la mwanamume: "Subiri kwanza nijue nilichopoteza." Wanaotoka kwenye makundi wangepewa kitu cha namna hiyo. Mwaka wa kutojiunga na chochote, kutokuandika tamko, kutokuulizwa sasa unaamini nini. Mtu asali kama anataka kusali, aache kama ameshindwa, na asidaiwe kufanya lolote kati ya hayo kuwa msimamo. Badala yake tunawapokea na vipeperushi mlangoni. Mchungaji wa kanisa jirani anamtaka atoe ushuhuda Jumapili ijayo. Rafiki asiyeamini anamtaka acheke pamoja naye. Wote wawili wana posa mkononi.

Kijana mmoja wa kundi letu la zamani huwa ananipigia usiku. Ni mwimbaji, sauti ya tatu. Hajatoka na sijamshawishi atoke. Nina maoni yangu, naye anayajua, na kila mara anauliza jambo moja tu. Wakati fulani aliuliza kama ni kweli kwamba wote waliotoka wamepatwa na mabaya. Sikujibu kwa mahubiri. Nilimwambia achukue karatasi aandike majina yote anayoyakumbuka ya waliotoka, na upande wa pili ya waliobaki, halafu mbele ya kila jina aandike anachokijua kwa hakika, si alichokisikia madhabahuni. Alikaa kimya siku kadhaa. Alipopiga tena alikuwa amekasirika kidogo. Alisema tatizo si matokeo, tatizo ni kwamba upande wa waliotoka alianza na majina machache, na kila alipomuuliza mama yake aliongezewa mengine: watu aliokaa nao kwenye kwaya, watu waliombeba akiwa mtoto, na yeye alikuwa amewasahau kabisa. Aliniuliza inawezekanaje kumsahau mtu aliyekubeba mgongoni. Tukazungumza hilo hadi salio likamwishia. Bado anaimba kule, ila ule ushuhuda wa dada na mumewe, aliokuwa akipangiwa kuutoa kwa wageni, amemwomba kiongozi wa zamu ampe mtu mwingine.